Tulilipwa bonasi kwa mita za kitambaa, mto hakuna aliyeupima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na nikizidisha urefu katia unapoona panafaa ila usinikatie sehemu ya koki maana hiyo ndo iliyonifanya niandike.

Kuna makala mlitoa juzijuzi kuhusu uchumi na mazingira, mwandishi simjui wala sina ugomvi naye, kaandika vizuri tu, lakini kuna mahali kanikwaza mpaka nikarudia kusoma mara tatu. Anasema nchi zote zilizoendelea zilichafua kwanza zikaja kusafisha baadaye, kwa hiyo na sisi tusihangaike sana na moshi na maji machafu kwa sasa, uchumi ukishakua watu wenyewe wataanza kudai hewa safi na hela ya kusafishia itakuwepo. Yaani uchafu umekuwa kama surua ya zamani, kila mtoto lazima aipitie ndo akue. Nikajiuliza huyu ndugu anakaa mtaa gani.

Mi nakaa Kigogo, jirani na Mto Msimbazi, siyo bondeni kabisa, juu kidogo, yale mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40 hapa mjini yaliishia mlangoni kwa jirani yangu na kwangu yakaingia uani tu. Mto huu wageni wanaujua pale Jangwani ukifunga barabara, lakini unaanzia mbali, vilima vya Pugu kule Kisarawe, unateremka kilomita kama 35 hivi, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo, Jangwani, ndo unaingia baharini pale daraja la Salenda. Maji yanayotoka Pugu ni maji. Yanayofika Salenda sijui tuyaiteje.

Sasa nije kwenye koki.

Mwaka 1979 niliajiriwa kwenye kiwanda kimoja cha nguo cha hapa hapa Dar, jina naliacha maana kimebadilisha wenyewe na mabosi wangu wengi ni marehemu na mimi mwenyewe sikuwa malaika. Niliwekwa idara ya rangi. Tulikuwa tunatoa kanga na vitenge, na kwa asiyejua ni kwamba kitambaa kikishapigwa rangi kinapikwa kwa mvuke halafu kinaoshwa, kinaoshwa tena, kinaoshwa tena, kwa sababu siyo rangi yote inashika, kuna inayobaki juu juu na ile lazima itoke la sivyo mama akivaa kanga yake jua likimpiga anageuka mwekundu mabegani. Sasa ile rangi iliyokataa kushika, na chumvi tuliyotia ili ishike, na kostiki, na wanga uliokuwa kwenye nyuzi toka zilipofumwa, vyote vinaondoka na maji ya kuoshea vinaingia mtaroni. Mtaro unaenda wapi? Kwenye michoro ya kiwanda ulikuwa unaenda bwawa la kutulizia, na bwawa lilichimbwa kweli, nimeliona kwa macho yangu. Ila mimi naingia kazini lilishajaa tope mpaka nyasi zimeota juu yake na kuku wa mlinzi wanachakura humo.

Kwa hiyo kulikuwa na koki ya kumwagia mtoni moja kwa moja. Koki yenyewe ilikuwa na gurudumu kubwa kama usukani wa lori, imepakwa grisi, unaizungusha kwa mikono miwili huku umeegemea. Shifti ya usiku, saa nane nane hivi, fomeni anapita anasema dogo kafungulie, maji yasije yakafurikia shifti ya asubuhi. Nafungulia. Yanatoka ya moto yanafuka, yananguruma kama tumbo la mtu mwenye njaa, kama dakika 40, halafu nafunga narudi kunywa chai. Hakuna aliyeniambia nafanya kosa na wala sikuuliza, nilikuwa na miaka 21 na nilikuwa na mshahara, ukoo mzima nilikuwa wa kwanza kupokea mshahara kwa bahasha.

Chini huko, marehemu shangazi yangu ambaye ndiye aliyenipokea mjini alikuwa na matuta yake ya mchicha kandokando ya mto. Nikirudi asubuhi namkuta na keni zake mbili za kumwagilia amekaa juu ya jiwe, hamwagilii. "Leo mmeosha nyekundu," ananiambia, anacheka. Anasubiri rangi ipite. Maji yakishakuwa ya kawaida, yaani yale ya udongo udongo, anashuka anachota anamwagilia, na saa nne mchicha uko sokoni, na jioni fungu moja lipo kwenye sahani yangu. Shangazi alikuwa anajua mto kuliko mtu yeyote lakini kwenye hilo alikuwa anakosea kama sisi sote, alidhani rangi ikiondoka na ubaya umeondoka. Vile visivyo na rangi havikusubiriwa na mtu. Nilikuja kusikia baadaye sana kwamba kuna watafiti wa chuo kikuu walipima mboga za kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, wakachapisha 1999, walichokuwa wanatafuta ni metali, yaani kadimi, shaba, risasi na zinki. Kwenye mchicha! Shangazi alishafariki na sitaki kumsingizia mtu, daktari alisema ni presha na mimi nakubali ilikuwa presha. Ila sahani ile naikumbuka.

Sasa kwa nini bwawa halikuzolewa tope? Hili ndo nataka mchumi wenu alijue. Hatukuwa watu wabaya. Ila kila mwisho wa mwezi kulikuwa na ubao pale getini, umeandikwa kwa chaki, mita za kitambaa zilizotoka kila shifti, na mkivuka lengo mnapata bonasi, na shifti ikishinda mnaimba kabisa. Mita, mita, mita. Kuzoa tope kunataka watu kumi siku tano na lori, na mwisho wake hakuna hata mita moja iliyoongezeka kwenye ubao, sasa meneja gani atawatoa watu kumi kwenye mashine? Hakuna aliyewahi kulipwa bonasi kwa maji. Ubao haukuwa na mahali pa kuandika maji.

Na nikisikia siku hizi wasomi wanataja pato la taifa limekua asilimia 5 na kitu mimi nauona ule ubao. Ni ubao uleule, wameukuza tu ukawa wa nchi nzima. Kitambaa kikitoka kinaandikwa. Mtu akiumwa tumbo kwa ajili ya maji akaenda akatundikiwa dripu, dripu nayo inaandikwa, maana imenunuliwa. Kipindupindu cha 2015 kilichoanzia hapa hapa Dar mwezi wa nane, dawa zilizonunuliwa, magari yaliyokodiwa, maji ya chupa tuliyonunua kwa woga, vyote hivyo ni pato. Kuchafua kumeingiza pato, kuugua kumeingiza pato na kusafisha kutaingiza pato pia. Kinachotolewa ni nini? Mi sijaona popote pameandikwa toa.

Binti yangu wa pili kasoma uchumi chuo kikuu pale Mlimani, nikampa ile makala, nikamwambia mwanangu hebu nieleze hawa wenzako wametoa wapi hii habari ya kuchafua kwanza. Akacheka, akachukua daftari la mtoto wake akanichorea kitu kama kichuguu, huku chini mtu maskini hachafui sana, akianza kuwa na kitu uchafu unapanda, unafika kileleni, akitajirika zaidi unashuka. Akasema baba hii inaitwa kichuguu cha Kuznets, mimi nilikubali lakini nahisi kichuguu kakisema kwa ajili yangu. Kumbe huyo Kuznets wala hakuwa anazungumzia uchafu, alikuwa anazungumzia tofauti ya wenye nacho na wasio nacho huko miaka ya 50, habari ya uchafu wameiweka Wamarekani wawili, Grossman na Krueger, mwaka 1991, na 1995 wakaandika tena kwamba uchafu wa aina nyingi unaanza kushuka nchi ikiwa haijafika pato la dola 8,000 kwa mtu kwa mwaka, na hizo ni dola za 1985 ambazo zilikuwa na nguvu kuliko hizi.

Nikamwambia haya tupige hesabu. Julai 2020 Benki ya Dunia ilitutangaza nchi ya kipato cha kati cha chini, tukashangilia, pato la Mtanzania mmoja lilikuwa dola 1,080. Uchumi unakua 5 na kitu, lakini sensa ya 2022 imeonyesha watu tunaongezeka 3.2 kwa mwaka, kwa hiyo kinachobaki kwa mtu mmoja ni 2 na pointi. Binti akasema baba tuwe wakarimu tuweke 3. Tukaweka 3, tukatumia kikokotoo cha simu. Miaka 68. Na hapo hatujagusa hiyo habari ya dola za 1985, ukiigusa inasogea mbele zaidi. Mjukuu wangu ambaye daftari lake ndo tumelichafua ana miaka 7, atakuwa na 75 siku Msimbazi unaanza kusafika wenyewe kwa utajiri. Mimi sijui nitakuwa udongo gani.

Halafu binti akaniambia kitu ambacho makala yenu haikukisema, kwamba hao hao Grossman na Krueger waliandika wazi kuwa mambo hayajiendi yenyewe, kinachoshusha uchafu hasa ni sheria na hatua zinazochukuliwa watu wakishaanza kudai. Kwa hiyo siyo hela inayosafisha. Hela imekaa tu pale kama fundi asiyeitwa. Mwandishi wenu alikipenda kichuguu akasahau maelezo ya chini yake.

Nisieleweke vibaya. Kuna vijana wa semina ukiwasikiliza utadhani kiwanda ni shetani. Kiwanda kimenisomeshea watoto wanne, huyo binti mwenye kichuguu kasoma kwa mita za kitambaa, na nyumba hii ninayoandikia barua ni bonasi. Na nitakuambia kitu kingine Mhariri. Miaka ya 90 mambo yakawa magumu, mgao wa umeme, mitumba imejaa kila kona, mashine zimechoka, tukapunguzwa kundi baada ya kundi na idara ya rangi ikanyamaza. Koki ikafungwa ikaota kutu. Kwa akili yangu nilidhani basi mto utapona. Haukupona! Ulizidi. Wale tuliopunguzwa tulienda wapi, si tulikuja kubanana bondeni humu humu, mtu anachimba choo futi sita maji yashatokea, hana hela ya gari la majitaka, vyura, wale wanaozoa vyoo kwa mikono, nao wanataka hela yao, basi anangoja mvua kubwa inyeshe usiku ndo anatapisha choo kiende na maji. Mtaa mzima unatapisha. Mvua ya kwanza ya masika ikipiga huku kwetu hatusikii harufu ya udongo kama wanavyoimba kwenye redio. Ongeza gereji zinazomwaga oili chafu, kina kaka wanaochemsha betri za magari wapate risasi ya kuuza, viwanda bubu vya ngozi na sabuni, yaani mto ulitoka kwa mchafuzi mmoja mkubwa anayejulikana ukaingia kwa wachafuzi elfu wasiojulikana. Kwa hiyo anayesema umaskini ni usafi naye mwambieni aje Kigogo.

Ndo maana nasema hii habari ya uchumi kwanza au mazingira kwanza imewekwa vibaya toka mwanzo, kama kumuuliza mtu atangulize mguu wa kulia au wa kushoto wakati kafungwa yote. Mimi swali langu ni moja tu, harufu inafika puani kwa nani?

London kule Uingereza mto wao Thames ulikuwa choo miaka na miaka, kipindupindu kimeua watu kwa maelfu, na hiyo ndo ilikuwa nchi tajiri kuliko zote duniani wakati huo, hela wanayo na mto unanuka. Mwaka 1858 kiangazi kikawa kikali, mto ukachemka, na bunge lao limejengwa kandokando ya mto huo huo. Waheshimiwa wakalowesha mapazia kwa dawa ya chokaa ili wapumue, ikashindikana. Siku 18 tu sheria ikapita na mhandisi Bazalgette akapewa hela ya kujenga mitaro ya majitaka. Siku 18! Kipindupindu miaka 20 na zaidi hakikufanya kilichofanywa na pua za wabunge wiki mbili na nusu. Nikiwaza bunge letu liko Dodoma nachoka kabisa.

Lakini tusiende mbali, sisi wenyewe hapa tunayo yetu na nashangaa hatuifundishi shuleni. Mwaka 1988 wananchi wa Tabata walichoka na dampo la jiji lililowekwa pale, moshi usiku na mchana, nzi, harufu, watoto wanakohoa, wakaishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu. Wakashinda. Jiji likarudi mahakamani kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, na Jaji Lugakingira akawaambia kwamba hajapata kusikia popote mamlaka ya umma inakwenda mahakamani kifua mbele kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Sisi mwaka 1988 tulikuwa na dola ngapi kwa mtu? Sukari tulikuwa tunapanga foleni! Kwa kichuguu cha Kuznets watu wa Tabata walitakiwa wasubiri kama karne hivi. Hawakusubiri, walikuwa na wanaojua kusoma sheria kati yao, walikuwa na muda wa kushinda mahakamani na walijua mlango wa kugonga.

Sasa na hapa ndo pananiuma. Dampo lilipoondoka Tabata lilienda wapi? Baadaye likaja Vingunguti. Vingunguti ni kuvuka tu, lakini Vingunguti ya wakati ule hakukuwa na mwenye kujua mlango wa kugonga. Likakaa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, likaenda Mtoni, na toka 2007 lipo Pugu Kinyamwezi. Ukichukua ramani ukafuata safari ya dampo unaona kabisa linavyokimbia watu wenye sauti. Na sina uhakika kama nchi tajiri na zenyewe zimesafisha au zimehamisha, maana viwanda vichafu vilivyokuwa Ulaya havikufa, vimehamia kwingine vinaendelea kuwatengenezea vilevile, na sisi magari yao yakishachoka ndo yanaletwa bandarini na betri zake, hizo hizo zinazochemshwa bondeni kwetu. Tabata na Vingunguti ile ile, umbali tu umeongezeka.

Mengine tumefanya na dunia ikatushangaa. Petroli yenye risasi, nchi zetu hizi za kusini mwa Sahara tuliachana nayo kufikia 2006 wakati kuna wenye mafuta yao wenyewe ardhini wameendelea nayo, Algeria mpaka 2021. Mifuko ya plastiki, hii ya rambo, je? Rwanda walipiga marufuku 2008, Kenya 2017, sisi Juni 1, 2019. Nakumbuka ile wiki sokoni Kigogo mama ntilie mmoja ananiuliza sasa nikufungie wapi huu wali, kwapani? Wiki ya tatu kila mtu alishazoea kwenda na kikapu. Wenye viwanda vya mifuko walilia ajira zitapotea uchumi utaanguka, haukuanguka. Najua vifungashio vimerudi kwa mlango wa uani, jana tu nimefungiwa dagaa kwenye kimojawapo, lakini mitaro ya mtaani kwangu ya leo siyo ile ya 2018, mi ndo naizibua.

Turudi kwenye hela ya kusafisha baadaye, kwamba itakuwepo. Ni kweli imekuja. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi, mto utapanuliwa, Jangwani inajengwa upya, nyumba zimewekewa alama, watu wamelipwa wakahama, wengine wameridhika wengine wananung'unika, hilo lina barua yake. Mimi siipingi kazi hiyo, natamani ningezaliwa baadaye niione. Ila ni mkopo, ndugu zangu. Bwawa lile la kutulizia lilitaka watu kumi siku tano na lori. Hatukutaka kulipa hiyo, sasa tunalipa dola, na atakayelipa ni yule wa daftari. Na ubao wa nchi utaandika kwamba sekta ya ujenzi imekua.

Kuna kitu kingine kidogo sijui kama wengine wamekiona. Zamani bosi yeyote wa Masaki na Oysterbay akienda mjini lazima apite Salenda, na pale mto unapotokea maji yakiwa yamekupwa utafunga vioo utake usitake. Nilikuwa najipa matumaini kwamba ipo siku kati ya hao waliofunga vioo atapatikana mmoja wa kuuliza hivi hii harufu inatoka wapi. Sasa 2022 limefunguliwa Daraja la Tanzanite, zuri sana, limepita juu ya bahari kabisa upepo mwanana unavuma, na mimi nimeenda kupiga picha na wajukuu kama wengine. Lakini nilisimama pale nikatazama kule Salenda nikasema moyoni, eeh, hapa tumepoteza pua nyingi za maana.

Ninachoomba ni kidogo. Sheria ya mazingira ya 2004 ipo na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wapo toka 1983 na najua huwa wanapima maji na wanatoza faini viwandani, sikatai. Yale majibu ya vipimo yabandikwe. Pale ofisi ya serikali ya mtaa, ukutani, karibu na tangazo la vitambulisho, kila mwezi, kwa Kiswahili cha kueleweka, kiwanda fulani kimetoa maji ya namna hii, kiwango kinachoruhusiwa ni hiki, chake ni hiki. Basi. Msijenge ofisi mpya wala msiite kongamano. Mama wa mchicha akisoma ataamua mwenyewe asubiri rangi ipite au abebe keni zake aende kwa mwenyekiti. Na fomeni wa sasa ambaye naamini yupo mahali usiku huu akijua kesho kutwa mtaa mzima unasoma, atasita kidogo kabla hajamwambia dogo kafungulie. Mimi ningesita. Kwenye ubao wa mita nilikuwa nasoma jina la shifti yangu kila mwezi na nilikuwa najali sana nani ananicheka, ubao una nguvu, nawaambieni.

Na mwandishi wa ile makala namkaribisha. Aje Jumamosi asubuhi, ashuke kituo cha Kigogo aulizie kwa mzee aliyekuwa kiwanda cha nguo, watamleta. Nitamtembeza kuanzia kwenye matuta mpaka chini kabisa, mchicha bado unalimwa palepale kwa shangazi na anayelima sasa ni binti wa jirani yake. Avae gambuti. Chakula cha mchana atakula kwangu, na mboga nitamwachia achague mwenyewe.

Mstaafu wa idara ya rangi,
Kigogo, Dar es Salaam